Chenga na Theluji

Aliingia dukani Jumanne, buti zikichuruzika maji,
mfuko wa plastiki ameubana kwapani.
Nikamwonyesha ukuta mzima wa runinga:
kasuku, matone ya umande, jiji la usiku kutoka angani,
rangi zinagombana kama wachuuzi.
Kizuri chajiuza, na hizi zote zilikuwa zinajitembeza.
Ensio Kettunen akatikisa kichwa.
"Nyumbani kwangu hakuna kasuku. Niwekee hii."

Kanda ya video. Lebo ya kalamu ya risasi:
Tuovi, kilomita thelathini, Machi 87.

Ilibidi nishuke stoo nikafukue deki,
nipulize vumbi, nitafute waya,
Päivi, bosi wangu, akinikata jicho.
Kisha, kwenye runinga kumi na nne kwa mpigo,
mwanamke mwenye namba arobaini na moja kifuani
akatokea juu ya ski, anapanda kilima, anahema.

Kumi na nne, na hakuna wawili waliofanana.
Hapa mwekundu kama katoka sauna sasa hivi,
pale kijani, mgonjwa wa meli.
Kwenye ile ya inchi sitini na tano, fahari ya duka,
alitanuliwa pembe hadi pembe,
mfupi, mpana, uso uji mtupu.
"Huyo si mke wangu," mzee akasema. "Huyo ni godoro."

Akapita mbele ya ukuta, akarudi, akapita tena,
akasimama kwenye ndogo ya pembeni, inchi thelathini na mbili,
iliyoshushwa bei kwa mkwaruzo wa fremu.
Nikamweleza, kama nilivyofundishwa,
kwamba kubwa ndiyo ya kesho.
"Kijana," alisema, "kesho haimo kwenye kanda hii."

Jioni nikampelekea mwenyewe, Hervanta, ghorofa ya tatu.
Viti viwili. Kimoja kimebonyea.

Tulianza na waya: wake ulikuwa umelegea,
nikachomeka mpya, mistari ya mshazari ikakoma.
Umbo: nne kwa tatu, kama lilivyozaliwa.
Giza likakaa kushoto, giza likakaa kulia,
katikati Tuovi akanywea, akapata kiuno.
Ukali, kiwandani waliuweka themanini.
Nikaushusha hadi kumi
na ule ukingo mweupe uliozunguka kofia yake ukayeyuka.
Ulainishaji wa mwendo nikauzima,
maana alikuwa akiteleza kama sabuni, hana uchovu,
na mzee alisema uchovu ulikuwepo, mwingi.

Mwisho, kwa majivuno kidogo, nikafungua
kile kipengele cha kuondoa chenga. Nikakipandisha hadi juu.
Picha ikatakata kama sahani.

Ensio akainama mbele.
"Theluji iko wapi?"
Theluji gani, nikauliza, si hiyo, ardhi yote nyeupe.
"Ilikuwa inaanguka. Nta iligoma kwa sababu hiyo.
Ndiyo maana akawa wa mwisho."

Mashine iliona madoa meupe yanapita
ikadhani ni uchafu, ikafagia.

Nikakizima. Chenga zikarudi, zote, bila aibu,
na ndani yake, polepole zaidi, zikishuka kwa mshazari,
nyingine, zikitua kwenye mabega ya mwanamke.
Mimi sikuweza kutenganisha.
Yeye aliweza. Alinyoosha kidole: "Ile. Na ile pale."

Tukasogeza kiti nyuma hatua mbili
hadi kikagusa kipasha joto,
na kutoka kule uso ukajikusanya: pua, nyusi,
meno yaliyoumana.

Akafika kwenye utepe, wa mwisho, watu wameshaanza kuondoka.
Picha ikatikisika vibaya, juu, chini, juu.
Nikashika rimoti nitafute mahali pa kuituliza.
"Acha," alisema.
"Hapo mimi nilikuwa naruka."