Kikombe Kimo

Ni pale Mwembe Tayari, meza yangu futi mbili,
Risasi na chuma moto, na taa yenye kivuli,
Napokea kila kitu: simu, redio, kandili,
Sipokei moja: deni.

Juzi mchana wa joto, akaja Badi wa Kuze,
Ana sanduku la ngozi, hataka hata niguze.
"Sikio moja li kimya, Mwanatumu, litengeze."
Mle mna hedifoni.

"Bei?" nikamuuliza. Kichwani akajikuna.
Kodi ya miezi saba, na chenji ningeiona!
Nami nauza vya waya, watu huja kugombana,
Kwa mia na hamsini.

"Vyako," asema, "ni debe, ni kelele za kuuza;
Besi yake ni kishindo cha gunia wakilaza.
Hizi wasikia mate ya mwimbaji akimeza,
Na nzi wa dirishani."

Nikazifungua pole: waya mwembamba wa shaba,
Umekatika shingoni, sawa na vyangu, si haba.
Nikautia risasi, tone moja, likashiba.
Sasa nijaribu nini?

Simuni mwangu naweka kaseti nilohamisha:
Mama amrekodia baba, Dubai, maisha,
Bei ya unga, harusi, na mimi nilivyochosha.
Ni mwaka wa themanini.

Nimeisikia mara mia, kwa vyangu vya waya,
Kila neno nalijua, pa kucheka na pa haya.
Nikazivaa za Badi, nikijiambia, "Haya,
Tuone huyo shetani."

Kwanza barabara yote ikazimwa kama taa:
Honi, muuza mihogo, cherehani ya Jumaa.
Kisha mama akasema, kana kwamba amekaa
Kigodani, si simuni.

Nikasikia kikombe kikiligonga sinia,
Pumzi aloivuta alipotaka kulia,
Akaifanya kicheko, baba asije sikia,
Na mimi sikubaini.

Na nyuma, mbali, mtoto ahesabu: tano, sita.
Ni mimi, na pengo langu: "sita" upepo wapita!
Sikujua nilikuwa mle, ninamfuata
Baba huko ugenini.

"Vipi?" Badi auliza. Nikafuta jasho. "Sawa.
Waya umeshika. Lete mia tano. Umepewa."
Akatia sandukuni, kama alazaye njiwa,
Akenda zake mjini.

Sikumwambia. Ya nini ajue ameshashinda?
Ningesema, angerudi kila wiki kunifunda,
Mara dhahabu ya waya, mara ngozi ya mapunda.
Wateja wapo foleni.

Usiku, nimejilaza, visikizi vya buluu,
Kimoja nimekifunga kwa utepe huku juu,
Nikacheza ile ile barua, bei nafuu.
Kikombe kimo, jamani!

Kimo, na pumzi imo, na "sita" yenye upepo,
Ndogo, mbali, kama taa ya Likoni ng'ambo hapo.
Au ni mimi naweka yale yasiyokuwapo,
Kwa kuyajua moyoni?

Mimi fundi, si mwalimu, la kuapa nalikosa.
Za Badi zilifungua mlango, hilo si kosa;
Ila ukishafunguka, hata mwenye chache pesa
Aingia, yumo ndani.

Leo kaja mwanafunzi, sare ya kijani, mbio:
"Hivi vyasikika vyema, au vyaua sikio?"
Nikauliza, "Ni nini usikizacho?" "Redio.
Habari za uwanjani."

Nikampa vya manjano, akavijaribu papo,
Akafumba macho, tuli, kana kwamba hakuwapo,
Kisha akapiga teke hewa, akaguza kopo:
Parafujo zangu chini.