Upande wa Tatu, Wimbo wa Pili

Filamu yenyewe sikuwahi kuiona.
Mama aliiona mara tano, kiangazi kimoja,
kwenye uwanja wa sinema nje ya Toledo,
spika ya bati imening'inia dirishani mwa gari,
akarudi na santuri mbili ndani ya jalada moja
na risiti aliyomficha Baba.

Basi filamu nikaitunga mwenyewe, kwa masikio.
Saksafoni ilikuwa gari jekundu likikata kona.
Wale vijana wanne, waitikiaji,
walikuwa taa za barabara kuu zikiwaka moja moja,
na mpiga piano, mwenye hasira na vidole kumi,
alikuwa mvulana aliyenyimwa ufunguo.

Jumamosi Mama akipiga pasi mashati ya kiwanda cha kioo
miguu yake ndani ya kandambili
ilicheza yenyewe, haikumwomba ruhusa.
"Enzi zetu," alisema. "We acha tu, Bernadine. Enzi zetu!"

Nimeshapiga hesabu.
Mwaka wa nyimbo zile Mama alikuwa na miaka kumi na saba,
Gerald tumboni, pete ya kuazima kidoleni,
zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali,
mashuka, mvuke, mashuka.
Hakucheza dansi hata moja.
Enzi zake alizikuta dukani,
dola sita na senti tisini na nane,
akazivaa,
zikamkaa.

Upande wa tatu, wimbo wa pili, pana mkwaruzo.
Gerald aliiponyosha sindano
usiku wa kuamkia safari yake ya jeshini,
akasema samahani, akaenda kulala.
Tangu hapo mwimbaji husema *nitaku*
kisha huruka hadi kwenye ngoma.
Karibu miaka hamsini nimeimba hivyo hivyo:
nitaku, ruka, ngoma.
Sikujua kama kuna kinachokosekana.

Jana, duka la matairi, nangoja zamu yangu,
kahawa ya bure imepoa mkononi,
redio ikaupiga wimbo mzima.
*Nitakungoja,* akasema. *Nitakungoja tu.*
Neno la kawaida. Dunia nzima ilikuwa ikilijua.

Fundi aliniita jina mara mbili.

Nyumbani sikuvua hata koti.
Nikaitoa yetu kwenye jalada lililopasuka mgongo,
nikaipuliza vumbi, nikaishusha sindano.
Nitaku
ikaruka.
Nikashusha pumzi.