Debe la Uwele

Fahali wangu hakukohoa hata siku moja.
Hili nalisema kwanza, maana wengi huniuliza
kama sikuona. Nione nini?
Nundu ilisimama, manyoya yaling'aa,
akifika lamboni Chipanga
ng'ombe wa watu walisogea wenyewe.
Tulimwita Nhembo.

Kupandisha: debe moja la uwele.
Mwaka wa njaa nilipokea nusu,
na kwa Mbeleje, mjane, nilipokea ahadi.
Ghala langu lilijaa
kwa kazi ya mgongo usio wangu.

Mwezi wa kumi, jua limekausha hata matope,
mtamba wa Chilongani akatupa mimba ya miezi sita.
Akafuata wa Malogo. Kisha wa kwangu, alfajiri:
kitu cha rangi ya udongo, macho yamefumba,
kwato laini kama ukucha wa mtoto.
Nikafukuza mbwa kwa mawe, nikafukia.
Watu walitaja upepo, wakataja kijicho,
wakataja majani ya kule mbugani.
Fahali hakutajwa.

Sechelela wa mifugo alikuja na pikipiki,
kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mpira.
Habari za upepo hakuuliza.
Alichoma shingo moja moja, vichupa vikajaa,
Nhembo akaandikwa namba saba.
Wiki tatu.

Aliporudi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa,
akachora kichwa cha ng'ombe mavumbini.
"Hapa," akatoboa kwa kijiti nyuma ya taya,
"kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu, kirusi kimelala.
Kiliingia puani, labda utotoni, labda mnadani,
kikaleta mafua ya siku chache, kikapanda, kikajikunja.
Dawa ya kukitoa hakuna.
Ikija kiu, au njaa, au safari ya lori,
kinaamka, kinashuka puani, kinashuka kwenye mbegu,
na mwenyewe anacheua kama kawaida."

Nikauliza chanjo.
"Chanjo tutawapa wale wazima.
Huyu ni nyumba, na mwenye nyumba yumo ndani.
Ukinunua mwingine, mtenge mwezi mzima;
damu kwanza, urafiki baadaye.
Mbegu nitaleta mimi, kwenye mtungi unaofuka baridi."

Usiku nilihesabu.
Mnadani Msalato, mtu wa Manyoni angetoa
milioni moja na laki nne, asiulize neno.
Mimi niliuliza neno gani nilipomnunua?
Machinjioni, laki tisa.
Laki tano ni mabati ya chumba kizima.
Nililala, nikaamka,
laki tano zilikuwa bado zimesimama mlangoni.

Nilimpeleka machinjioni Bahi.
Sisemi kwa kujisifu. Pale barabara ya Dodoma inapoanza
nilisimama mara mbili,
na mara ya pili ni yeye aliyevuta kamba.

Kisha nikapima uwele.
Chilongani alilitikisa debe, uwele ukashuka,
nikaongeza konzi mbili.
Malogo alinitukana mimi na baba yangu, akapokea.
Kwa Mbeleje sikuwa na deni,
ahadi hairudishwi kwa debe,
nikaenda nalo hivyo hivyo.

Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinuka.
"Liweke hapo nje," akasema.
"Wangu ana miezi minane.
Akizaa, nitakulipa ahadi yangu.
Akitupa, utaniletea la pili."

Debe liko mlangoni kwake, limefunikwa ungo,
kuku wanalizunguka.
Kila asubuhi nikipeleka ng'ombe majini
napitia njia ndefu,
nasalimu tumbo kwanza,
ndipo nasalimu watu.