Joto la Sijali

Wiki ya tatu ya Juni, Ilungu.
Jua likizama bila wingu hata moja la kuombea,
nyota zikajaa mpaka kwenye ukingo wa mlima,
najua: leo sakitu inashuka.
Mwaka juzi ilishuka hivi hivi,
ikanikuta na mashina mia tatu ya nyanya.
Asubuhi yamelegea, meusi,
kama mchicha uliosahauliwa mekoni.
Sikulia. Nilihesabu deni.

Ndipo nikachimba shimo.
Fundi Mwashilindi akalijengea kuba la matofali,
bomba likatoka utosini, likapita chini ya ua,
likaingia kwenye banda la nailoni
kama mjomba mwenye haya aliyebeba zawadi.
Chakula cha shimo: ndoo mbili za mavi ya Sijali, ng'ombe wangu,
moja ya nguruwe, maji kwa kadiri.
Nakoroga kwa mkono, natoa majani na mawe.
Shemeji Ezekia akasimama langoni, ameziba pua:
"Enelika, wenzio wanapikia mikaratusi,
wewe unapikia choo?"
Nikamwambia, subiri.

Siku arobaini nilisubiri mimi.
Gesi ya kwanza ilizima kiberiti.
Ya pili nayo.
Ya tatu ikawaka, samawati, ndogo,
haina moshi, haina hata harufu ya ilikotoka.
Sekela, binti yangu, akauliza,
"Mama, Sijali anajua?"

Lakini kuna jambo fundi hakunieleza.
Shimo nalo husikia baridi.
Wale wadudu wasioonekana, wanaochachusha usiku na mchana,
ubaridi ukiwapiga hujikunja wakalala, kama sisi.
Basi siku unayoihitaji gesi kuliko zote
ndiyo siku inayokuja kidogo kuliko zote.
Nani wa kumkanda mkandaji?

Saa tatu usiku mshale wa kipimo umelala ubavu.
Ipo ya kusongea ugali,
au ipo ya kuwashia majiko mawili bandani.
Si vyote.
Nikawapa watoto viazi viporo.
Sekela akala bila neno,
mdogo wake akala na maneno.
Nikafunika kuba kwa pumba, kwa magunia,
na, Mungu anisamehe, kwa blanketi la harusi yangu.
Nikaingia bandani, nikafunga, nikawasha.

Ndimi mbili za moto, kila mmoja saizi ya kidole gumba.
Juu yake masufuria ya maji.
Mvuke ukapanda, ukagonga nailoni,
ukarudi matone shingoni mwangu.
Nje hata mbwa walinyamaza.
Saa saba, nyuzi nne.
Saa nane, nyuzi tatu.
Nikapunguza moto kidogo, kidogo tena,
kama mtu anayegawa ada ya shule
kwa watoto wengi kuliko noti.
Saa kumi ulimi mmoja ukazimika wenyewe.
Uliobaki nikaukinga kwa viganja,
kisha nikaviondoa upesi
nisije nikaonekana mwizi mbele ya nyanya.

Kulipokucha bonde lote lilikuwa jeupe,
viazi vya Ezekia vimelala chali,
naye kasimama katikati yake, mikono kwapani.
Hakuniita. Nami sikuwa na la kumwambia.
Kwangu, safu ya mlangoni imekufa: mashina kumi na tisa.
Mengine yamesimama, manyoya yao mabichi,
yananuka vile nyanya inavyonuka ukiigusa jani.
Sikuimba. Nilihesabu tena.

Nikapita zizini.
Sijali amesimama, sakitu mgongoni kama chumvi,
pua zinafuka.
Usiku kucha nilikuwa naota joto lake
na yeye yuko nje.
Maji ya masufuria, yaliyobaki vuguvugu,
nikampelekea kabla ya watoto, kabla ya chai.
Akanywa mpaka chini.
Akanitazama bila shukrani yoyote,
akainua mkia.

Nikakimbilia ndoo.