Dakika Sita

Hafidhi, zima redio,
kwanza nipe masikio,
leo hatwendi kwa mbio,
ufunguo sijakupa.

Mkanda u mgongoni,
umeubana kitini,
kengele kimya garini,
imekwisha hadaika.

Kengele haina mama
wa wodini kuinama,
kucha kutwa kusimama
shuka kukukunjulia.

Wewe unaye, Bi Mize.
Mama yako mwaka huu
aliuza karafuu,
na kanga ya sikukuu
akaacha kununua.

Noti hizo mfukoni
zanukia mkononi
karafuu za shambani:
asitafute za sanda.

Hili kovu la begani
lashuka hadi mbavuni;
si la kisu, si vitani,
ni mkanda wa Korola.

Msimu wa chumo, Ole,
tuna mia, na kelele,
Shaame kaketi mbele,
mkanda kaukataa.

Eti wamkunja shati
la pasi, na juu koti.
"Harusi hatuikuti
kwa mwendo wa kutambaa!"

Kona. Majamvi ya watu,
na vijitoto vitatu.
Breki zikawa si kitu,
karafuu zikaruka.

Nikakunja: ni mnazi.
Mkanda kwangu mzizi;
yeye hana kizuizi,
kioo kikampisha.

Lile shati, nikwambie,
vifungo visilegee,
mikono isisinyae,
wala halikukunjana.

Wete wakatusubiri
na sinia zi tayari,
ikaja yetu habari,
zikaliwa kwa matanga.

Nimeifanya hesabu
mara nyingi, kwa taabu:
ya mbio zile thawabu
ni dakika sita hasa.

Sita! Chai haipoi,
nazi moja haitoi
tui, wala huchomoi
mwiba mguuni. Sita!

Sasa vuta, polepole,
mkanda, upite pale
begani, ushuke mbele,
mpaka usikie: ta!

Msimu, nusu ya lami
ni jamvi. Sipangi mimi.
Honi yako si ulimi,
si breki: haitafaa.

Akikwambia "Upesi!"
rafiki mwenye libasi:
"Funga kwanza, ama basi,
gari haliendi, shuka."

Usinicheke, Hafidhi,
kuvuta kwangu maradhi;
mara tatu, sina radhi
hadi nisikie: ta, ta.

Haya, ufunguo huu
upokee, na mguu
utue, si kwa makuu:
Wete haitatuhama.