Kijiko cha Kumi na Moja

Weusi wa mtu hautoki kwenye kopo la nyeusi.
Nalisema hilo kila siku, hapa Barabara ya Kumi na Nane,
na kila siku mteja hunitazama
kama fundi anayetafuta njia ya kupandisha bei.

Semkiwa alileta bajaji na picha ya pasipoti:
mkewe, Mwantumu, ameoshwa na mwanga wa studio
mpaka pua imepotelea shavuni.
"Si huyu," akasema. "Huyu ni wa kitambulisho.
Nichoree wa nyumbani."

Nikapanga vijiko vya plastiki, vile vya aiskrimu,
nimevipiga msasa, nimevipiga nyeupe ya chini,
kila kimoja na namba yake mgongoni.
Nyekundu ya kutu, matone manne.
Buluu, moja. Njano, mawili na nusu
(nusu tone ni ncha ya njiti ya kiberiti).
Tina, mpaka rangi iteremke ukutani mwa kikombe
kama maziwa yanayotaka kuganda na hayajaamua.
Kompresa ikakohoa, ikatulia.
Upepo kwanza, rangi baadaye,
kidole nyuma kwa upana wa robo ya kucha.

Cha kwanza: tofali.
Cha pili: tofali baada ya mvua.
Cha nne kilikuwa kahawia nzuri sana, ya kabati.
Cha sita nilikipenda mwenyewe. Semkiwa akatikisa kichwa:
"Huyo shangazi yake, wa Pangani."
Cha saba hadi cha tisa
sitaki kuvizungumzia.

Tukavitoa nje, maana taa ya bomba ni shahidi wa uongo,
tukavifunika gazeti upepo ulipopita na vumbi la saruji.
Binti yao, Kibibi, alikalia tairi la akiba
akimenya chungwa la Muheza,
lile linaloiva na kijani chake
na halimwombi mtu radhi.

Cha kumi na moja ni kosa langu.
Brashi sikuisafisha sawasawa; kooni mwake
palibaki kijani cha jana, cha kasuku wa duka la simu.
Ikatoka kahawia yenye jambo chini yake,
kama mshipa unavyopita
ndani ya kifundo cha mkono.

Semkiwa hakusema kitu.
Mtoto akaja, akalaza mkono wake kando ya kijiko,
maji ya chungwa yakimchuruzika hadi kiwikoni.
"Huyu mama. Ametoka kuoga."

Tukangoja. Rangi ikakauka,
na ilipokauka ikapauka,
kama visigino vya mtu aliyetembea Duga hadi sokoni.
Semkiwa akageukia ng'ambo ya barabara,
akasoma bango la saluni
polepole, kana kwamba ni barua yake.

"Hajapaka mafuta tu," mtoto akasema.

Kweli bwana.
Nikachukua vanishi, nikapitisha mkono mmoja, mwembamba,
na weusi ukapanda kutoka chini
kama mtu anayeitika kutoka uani:
abee, nakuja.

Uso ulinichukua siku mbili.
Kikombe kizima nilikichanganya kwa kukisia,
jicho kwenye kijiko, jicho kwenye kikombe,
nikikiharibu kwa makusudi
kilichoharibika kwanza kwa bahati.

Alipokuja kuchukua bajaji, Semkiwa aliizunguka mara tatu.
Akaomba nipunguze elfu tano. Nikapunguza mbili.
Akauliza kama mvua itamdhuru.
Nikamwambia mvua haimdhuru; petroli usimwage.
Akakubali kwa kichwa, akafuta kioo
ambacho hakikuwa na uchafu.

Kijiko nilitaka kukitunza, kwa kazi zijazo.
Mtoto alikuwa ameshakitia mfukoni.

Daftarini, mbele ya namba kumi na moja,
nimeandika: kijani, kidogo.
Kidogo kiasi gani, sikumbuki.