Usiku Mmoja, Watu Wawili

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye stakabadhi,
kwa penseli iliyokwisha ncha.
Askari wa hifadhi, Nambunga, akatusomea masharti:
msikate mkoko, msiokote kitu,
hata kigae, hata kombe,
mkiondoka rasi ibaki kama mlivyoikuta.
Wifi yangu Somoe akacheka peke yake.
Msimbati hii, akasema, lini imewahi kubaki?

Hema ni la Mfaume.
Kwenye mirathi tuligombania mikorosho arobaini,
tukagombania nyumba, redio, cherehani,
mpaka shehe akavua miwani akaipangusa kwa kanzu.
Hema halikuombwa na mtu.
Lilikaa uvunguni miezi kumi na minne
likinuka jasho la mpima ardhi
na ile dawa ya mbu aliyojipaka mpaka nyusi.

Kigingi mchangani ni mzaha.
Unapigilia, unageuka, kimelala.
Somoe akajaza mchanga kwenye viroba vya korosho,
akavifunga kamba kona nne,
hema likasimama kama mtoto aliyelazimishwa kuamkia wageni.

Usiku tulipuliza makumbi, macho yakitutoka machozi,
chungu cha ming'oko kikigoma kuchemka,
na kule nyuma ya minazi taa za mtambo wa gesi
zimeng'arisha nusu ya mbingu.
Gesi inatoka chini yetu hapa, nikasema,
inapita bombani mpaka Dar ikachemshe chai ya watu.
Puliza, akasema Somoe.

Alfajiri tukaazima mtumbwi.
Yeye mbele, mimi nyuma,
kila mmoja na kafi lake, kila mmoja na upande wake.
Tukazunguka. Wallahi tulizunguka palepale
kama kuku wa kideri,
na wanawake waliongoja maji yatoke wakachokoe pweza
walitutazama kwa adabu,
mpaka mmoja uzalendo ukamshinda:
Hesabuni!
Tukahesabu. Moja, moja. Mbili, mbili.
Mtumbwi ukanyooka, ukaingia mkono wa mikoko.

Somoe alikuwa na karatasi, mwandiko wa kaka yake:
hatua mia mbili na kumi toka ukuta wa kale,
katikati ya minazi, bikoni.
Minazi hakuna.
Ukuta umebaki kibla tu, maji yanaifika kiunoni.
Bikoni tuliiona chini, saruji yenye namba,
na samaki watatu wa milia
wakikagua mpaka.
Ng'ambo ya mkono mchanga uleule umelala upya,
hauna hati, hauna jina, hauna hata jani.

Tukiwa bado tumeinama, bahari ikatuaga.
Bamvua haina kwaheri ndefu.
Mtumbwi ukakaa topeni,
saa nne,
kaa wekundu wakitupungia gando moja moja
kama ndugu wa mbali kwenye harusi.

Nilikuwa nyuma, sikuwa na pa kutazama
ila mgongo wake.
Bega la kushoto limeshuka. La Mfaume lilishuka hivyohivyo,
alisema ni la kubeba mguu wa darubini,
kumbe ni la ukoo.

Ile mikorosho, akasema bila kugeuka,
nilijua alikupa wewe.
Nikachuma tope kwenye kafi kwa ukucha.
Cherehani haishoni, nikamjibu. Iliharibika akiwa hai.
Akacheka, mtumbwi ukatikisika,
na kwa kutikisika tukajua
kuna maji chini yetu, kidole kimoja, viwili.

Moja, moja.

Nambunga alitupekua mikoba, akakuta mchanga tu.
Akafikiri kidogo. Akauacha upite.
Mimi nikabeba nguzo, Somoe akabeba turubai,
hatukuambiana kwa nini,
akapanda pikipiki yake na mimi yangu,
na stakabadhi, sijui iko kwa nani.